Muktadha mtupu, ujumbe usiofika: kutafuta chanzo cha hitilafu katika huduma za JAX-WS

Katika JAX-WS, mpangilio wa Java wa kujenga huduma za wavuti zinazotumia ujumbe wa XML uitwao SOAP, kila ombi lina muktadha wake, `MessageContext`. Muktadha huo ni `Map` (ramani ya majina na thamani), na `Map` haikatai kitu. Ukikosea herufi moja kwenye jina la sifa, inapokea. Ukiweka `String` mahali panapotakiwa `List<String>`, inapokea. Ukiweka thamani upande wa mteja ukitumaini kwamba seva itaiona, inapokea pia, na thamani hiyo inabaki palepale ulipoiweka. Ndiyo maana matatizo mengi ya muktadha hayapigi kelele: programu inakompaili, seva inawaka, ila data haipo. Kwa kila dalili hapa chini, jambo la kuuliza ni lilelile: nani aliiweka thamani hii, nani anatakiwa kuisoma, na je, ombi lililoibeba bado liko hai wakati wa kuisoma?

Kwanza ijue maktaba inayoendesha huduma

JAX-WS ni maelezo rasmi (specification) tu. Kazi hufanywa na maktaba, na maktaba hutofautiana. Java 6 hadi 8 zilikuja na moja ndani ya JDK. Java 11, iliyotoka mwaka 2018, iliiondoa kabisa. Kuanzia Jakarta EE 9 ya mwaka 2020, kifurushi cha `javax.xml.ws` kikawa `jakarta.xml.ws`. Mtu akikuletea tatizo bila kukwambia yuko wapi kati ya hizo, mwambie aweke mstari huu ndani ya methodi ya huduma (`wsContext` ni uga wa aina ya `WebServiceContext` wenye `@Resource`):

```java
System.out.println(wsContext.getMessageContext().getClass().getName());
```

Jina likianza na `com.sun.xml.ws` ni Metro. Likianza na `com.sun.xml.internal.ws` ni ile ya ndani ya JDK. Likianza na `org.apache.cxf` ni CXF. Sehemu kubwa ya ushauri unaosambaa huwa sahihi kwa maktaba moja na hauna maana kwa nyingine, kwa hiyo usiruke hatua hii.

Dalili: `wsContext` ni `null`

Umeandika `@Resource private WebServiceContext wsContext;` na bado unapata `NullPointerException`. Chanzo cha kawaida ni kwamba kitu kinachopokea ombi hakikuundwa na kontena (programu ya seva inayoendesha huduma). Mahali fulani kuna `new HudumaYaMaagizo()`, na kitu ulichokiunda mwenyewe, usipokikabidhi kwa `Endpoint.publish`, hakijazwi na yeyote. Tafuta `new` hiyo kabla ya kugusa kingine.

Chanzo cha pili ni kigumu kukiona: kuchanganya `javax` na `jakarta`. Kontena ya Jakarta EE 9 au zaidi hutafuta `jakarta.annotation.Resource`. Klasi yako ikiwa imeleta `javax.annotation.Resource`, kontena inaiona kama anotesheni ya mtu mwingine na kuipita. Baya zaidi, ikiwa klasi ya anotesheni yenyewe haipo kabisa wakati programu inaendeshwa, Java haitoi hitilafu. Anotesheni huachwa kimyakimya kana kwamba hukuiandika. Fungua mistari ya `import` na uhakikishe yote ni ya upande mmoja, halafu kagua faili la WAR uone kama kuna JAR za pande zote mbili.

Chanzo cha tatu ni kusoma `wsContext` ndani ya konstrakta. Kujazwa hufanyika baada ya kitu kuundwa, kwa hiyo kwenye konstrakta bado ni tupu. Kuhamia `@PostConstruct` kunaondoa `null`, lakini ukiita `getMessageContext()` humo utaangukia dalili inayofuata, kwa sababu hakuna ombi lolote linaloshughulikiwa wakati huo.

Dalili: `IllegalStateException` unapoita `getMessageContext()`

Metro husema wazi: `getMessageContext() can only be called while servicing requests`. Muktadha umefungwa kwenye uzi (thread) unaoshughulikia ombi. Ukihamisha kazi kwenye uzi mwingine, iwe kwa `ExecutorService`, `CompletableFuture` au `@Asynchronous`, uzi huo mpya hauna ombi lolote mkononi.

Wengi hutibu hili kwa kuchukua `MessageContext` yenyewe, au `HttpServletRequest`, na kuikabidhi kwa uzi wa pili. Hitilafu inapotea na tatizo linakuwa kubwa kuliko lilivyokuwa. Seva kama Tomcat hutumia tena vitu vya ombi: ombi likiisha, kitu kilekile husafishwa na kupewa ombi linalofuata. Uzi wako wa nyuma ukisoma anwani ya mteja baada ya sekunde mbili, unaweza kupata `null`, au ukapata anwani ya mteja mwingine kabisa. Kwenye majaribio yenye mtumiaji mmoja hutaliona. Litaonekana siku ya msongamano.

Njia iliyo salama ni kutoa thamani unazozihitaji ukiwa bado kwenye uzi wa ombi, kisha kukabidhi thamani hizo peke yake:

```java
MessageContext mc = wsContext.getMessageContext();
HttpServletRequest ombi =
    (HttpServletRequest) mc.get(MessageContext.SERVLET_REQUEST);
final String anwani = ombi.getRemoteAddr();
final Principal p = wsContext.getUserPrincipal();
final String mtumiaji = (p == null) ? null : p.getName();

kundiLaNyuzi.submit(() -> hifadhi(agizo, anwani, mtumiaji));
```

Kama `SERVLET_REQUEST` inarudi `null` hata kwenye uzi sahihi, angalia namna huduma ilivyochapishwa. Ukitumia `Endpoint.publish("http://...")` kwa seva ndogo ya HTTP iliyo ndani ya JDK, hakuna servleti, basi hakuna ombi la servleti pia.

Dalili: handila imeweka thamani, huduma haiioni

Handila (handler) ni klasi inayopitiwa na kila ujumbe njiani kati ya mteja na huduma. Swali hili huulizwa sana, na jibu lake ni neno moja: upeo. Kila sifa ndani ya `MessageContext` ina upeo wa `HANDLER` au `APPLICATION`. Sifa iliyowekwa na handila huanza na upeo wa `HANDLER`: handila nyingine zitaiona, msimbo wa huduma hautaiona.

```java
mc.put("ufuatiliaji.namba", namba);
mc.setScope("ufuatiliaji.namba", MessageContext.Scope.APPLICATION);
```

Utaratibu ni huo huo, `put` kwanza. Ukianza na `setScope`, Metro itatupa `IllegalArgumentException` kwa sababu sifa haijakuwepo. Upande wa mteja mambo ni hayohayo: handila inayosoma kitu kutoka kwenye jibu na kutaka msimbo unaoita ukione kwenye `getResponseContext()` lazima ibadilishe upeo.

Kinyume chake hakihitaji kazi. Ulichoweka kwenye `getRequestContext()` ya proksi (kitu ambacho mteja hukitumia kuita huduma) huwafikia handila wa mteja kikiwa tayari na upeo wa `APPLICATION`. Lakini hakivuki mtandao! Muktadha haumo ndani ya ujumbe. Kinachovuka ni XML ya SOAP na vichwa vya HTTP tu. Ukitaka namba ya ufuatiliaji ifike kwa seva, iandike kwenye kimojawapo.

Na kwa kuwa thamani hizi zina mahali pake, usiziweke kwenye nyuga za klasi ya handila. Handila moja huhudumia maombi mengi kwa wakati mmoja. Uga wa `private long mwanzo` unaopima muda wa ombi utaandikwa juu na ombi la pili kabla la kwanza halijaisha, na vipimo vyako vitatoka vifupi kuliko muda halisi. Muktadha huishi kutoka ombi hadi jibu lake, kwa hiyo weka `mwanzo` humo.

Dalili: handila haiitwi, au inaitwa na kila kitu kinaharibika

Ukiongeza handila hivi, haitaitwa kamwe:

```java
((BindingProvider) proksi).getBinding().getHandlerChain().add(handila);
```

`getHandlerChain()` hurudisha nakala ya orodha. Umeongeza kwenye nakala, na nakala ikatupwa. Ichukue, iongeze, kisha irudishe kwa `setHandlerChain(orodha)`. Vivyo hivyo `HandlerResolver` iliyowekwa kwenye `Service` huathiri proksi zitakazoundwa baadaye, si ile uliyokwisha kuiunda.

Ikiwa inaitwa lakini mambo yameharibika, soma inachorudisha. Zana za kuandikia msimbo zikikutengenezea methodi tupu hujaza `return false;` kwenye `handleMessage`. Hapo `false` haimaanishi "sijafanya kitu". Inamaanisha simamisha safari na ugeuze mwelekeo. Kwenye seva, ombi lisilofika kwa huduma hurudishwa kwa mteja kama jibu, na mteja anashangaa kupokea XML aliyoituma mwenyewe. Ukiona hilo kwenye logi, usitafute mbali.

Handila huitwa mara mbili kwa kila mazungumzo, kwenda na kurudi. Kinachotofautisha ni `MESSAGE_OUTBOUND_PROPERTY`, na maana yake hugeuka kulingana na upande ulipo: kwa mteja `true` ni ombi, kwa seva `true` ni jibu. Klasi moja ya handila iliyonakiliwa kutoka kwa mteja kwenda kwa seva bila kugeuza sharti hilo itakagua nenosiri kwenye majibu na kuyaacha maombi yapite bila kuguswa. Huo ni mlango wazi, na hakuna hitilafu itakayokuonyesha.

Kama logi inakosa mazungumzo yaliyoshindwa tu, chanzo ni kwamba umeandika kwenye `handleMessage` peke yake. Ujumbe wenye `Fault` (taarifa ya hitilafu) hupita `handleFault`. Kwa mpangilio: ujumbe unaotoka hupita kwanza kwa `LogicalHandler` zote (zinazoona mwili wa ujumbe tu), ndipo `SOAPHandler` (zinazoona bahasha nzima ya SOAP), unaoingia hupita kinyume. Kupanga upya faili la mnyororo wa handila hakutaweza kuiweka `SOAPHandler` mbele ya `LogicalHandler` kwenye safari ya kutoka.

Dalili: `MustUnderstand`

Mteja anatuma kichwa cha SOAP chenye `mustUnderstand="1"`, mara nyingi kile cha `Security`, na seva inakataa ingawa handila yako inakisoma vizuri. Maktaba hukagua orodha ya vichwa ambavyo handila zimesema zinavielewa, na orodha hiyo hutoka kwenye `getHeaders()`. Rudisha `QName` kamili, pamoja na nafasi-majina (namespace) yake:

```java
public Set<QName> getHeaders() {
    return Collections.singleton(new QName(
        "http://docs.oasis-open.org/wss/2004/01/"
        + "oasis-200401-wss-wssecurity-secext-1.0.xsd", "Security"));
}
```

Usirudishe kichwa usichokikagua. Aliyeandika `mustUnderstand` alitaka ombi likataliwe kama hakuna wa kulithibitisha. Kudai unaelewa ili hitilafu inyamaze ni kumdanganya.

Dalili: vichwa vya HTTP havifiki, au `ClassCastException` inatokea mbali na kosa

`HTTP_REQUEST_HEADERS` na `HTTP_RESPONSE_HEADERS` hubeba `Map<String, List<String>>`. Ukiweka thamani kama `String` tupu, kosa hujitokeza baadaye ndani ya maktaba wakati wa kutuma, kwenye mstari usioujua.

```java
Map<String, List<String>> vichwa = new HashMap<>();
vichwa.put("X-Request-ID", Collections.singletonList(namba));
((BindingProvider) proksi).getRequestContext()
    .put(MessageContext.HTTP_REQUEST_HEADERS, vichwa);
```

Angalia pia kwamba `put` hii inafuta ramani ya vichwa iliyokuwepo. Sehemu mbili za programu zikiweka kila moja yake, ya mwisho ndiyo inayotumwa. Wakati wa kusoma, usilinganishe majina kwa `equals`. Seva ndogo ya JDK hubadilisha jina liwe na herufi kubwa ya kwanza tu, kwa hiyo ukizunguka kwenye ramani utaona `X-request-id`. Tumia `equalsIgnoreCase`.

Dalili: data ya mtumiaji mmoja imetokea kwa mwingine

Proksi moja, iliyowekwa kama `static`, inatumiwa na nyuzi nyingi. Uzi wa kwanza unaweka `USERNAME_PROPERTY`, na kabla haujaita huduma, uzi wa pili unaweka yake. Ombi la kwanza linaondoka na jina la pili. Majibu nayo yana hatari ileile: `getResponseContext()` inaonyesha mwito wa mwisho uliofanywa kwa proksi hiyo, si lazima uwe wako.

Maelezo ya JAX-WS hayaahidi kwamba proksi ni salama kwa nyuzi nyingi. Kitu cha gharama ni `Service`, kwa sababu husoma WSDL (faili la XML linaloeleza huduma). Proksi ni nafuu zaidi. Tunza `Service` moja, na uunde proksi kwa kila uzi, au uwe na hazina ndogo ya proksi zinazokopwa na kurudishwa. CXF ina njia yake: weka `"thread.local.request.context"` kuwa `"true"` kwenye muktadha wa ombi, na kila uzi utakuwa na ramani yake. Ila nyuzi za seva nazo hutumiwa tena. Jina na nenosiri vilivyoachwa kwenye uzi vitamkuta mtu anayefuata, hivyo viondoe kwenye `finally`.

Dalili: ombi limefika, nyuga zote ni `null`

Hapa muktadha hauna kosa. Ni data ya ujumbe. JAXB, mfumo unaogeuza XML kuwa vitu vya Java, kwa kawaida huipuuza elementi isiyoitambua, haikatai. Kwa hiyo elementi iliyokuja na nafasi-majina tofauti na inayotarajiwa hutupwa, na uga wake unabaki mtupu. Linganisha hizi mbili:

```xml
<m:agizo xmlns:m="http://mfano/maagizo"><idadi>12</idadi></m:agizo>
<m:agizo xmlns:m="http://mfano/maagizo"><m:idadi>12</m:idadi></m:agizo>
```

Kwa macho ni kitu kimoja, kwa JAXB `idadi` hizo ni elementi mbili tofauti. Ipi ni sahihi inategemea `elementFormDefault` kwenye skima. Isipotajwa, huwa `unqualified`, yaani ya kwanza. Klasi zilizotengenezwa kutoka WSDL hubeba mpangilio huo kwenye `package-info.java`, na mtu akihamisha klasi kwenda kifurushi kingine akaliacha faili hilo nyuma, kila kitu hugeuka `null` kwa mpigo. Ukiona parameta moja tu ndiyo tupu na WSDL ina `arg0`, umesahau `@WebParam(name = "...")`.

Usikisie, tazama XML yenyewe. Kwa Metro, anzisha JVM ya mteja na `-Dcom.sun.xml.ws.transport.http.client.HttpTransportPipe.dump=true`, na ya seva na `-Dcom.sun.xml.ws.transport.http.HttpAdapter.dump=true`. Kwa ile ya ndani ya JDK ongeza `internal` baada ya `xml`. Ujumbe ukikatwa katikati, kikomo ni baiti 4096. Kipandishe kwa `com.sun.xml.ws.transport.http.HttpAdapter.dumpTreshold`. Ndiyo, neno hilo limekosewa tahajia ndani ya maktaba, na ukilirekebisha halitafanya kazi. Zima yote hayo kabla ya kuondoka: logi hizo huandika kichwa cha `Authorization` na nywila zilizo ndani ya XML bila kuficha chochote.

Dalili: umebadilisha ujumbe kwenye handila, mabadiliko hayaonekani

Kwenye `LogicalHandler`, `getPayload()` hurudisha `Source` mpya kila inapoitwa. Ikiwa ni `DOMSource`, ukibadilisha mti wake umebadilisha ujumbe. Ikiwa ni aina nyingine, ulichonacho ni cha kusoma tu, na lazima uite `setPayload()` na toleo jipya. Msimbo unaotegemea kwamba "huwa ni `DOMSource`" utavunjika siku maktaba itakapobadilishwa.

Kwenye `SOAPHandler`, kumbuka `saveChanges()` baada ya kuhariri. `getSOAPHeader()` inaweza kurudisha `null` ujumbe usipokuwa na kichwa, na `addHeader()` hutupa `SOAPException` kikiwepo tayari. Kagua kwanza ndipo uongeze. Fahamu pia kwamba kuita `getMessage()` hujenga ujumbe mzima kama mti kwenye kumbukumbu. Kwa ujumbe wa kilobaiti chache si kitu. Kwa huduma inayopokea mafaili, handila ya logi peke yake inaweza kuleta `OutOfMemoryError`. Tumia MTOM (njia ya kutuma mafaili nje ya XML) na `DataHandler`, na uandike logi ya bahasha bila viambatisho.

Anayeandika `Provider<Source>` ana mtego wake: `StreamSource` husomwa mara moja. Ukiichapa kwenye logi kisha ukaipeleka kwa kichanganuzi, utapata `Premature end of file`. Ihamishie kwenye DOM kwanza.

Dalili: umeweka muda wa kusubiri, mwito bado unaning'inia

Jina la sifa si la maktaba yako. Metro husoma `com.sun.xml.ws.connect.timeout` na `com.sun.xml.ws.request.timeout`, ya ndani ya JDK huongeza `internal` kama hapo juu, CXF ya `javax` husoma `javax.xml.ws.client.connectionTimeout` na `javax.xml.ws.client.receiveTimeout`. Zote ni kwa milisekunde. Metro isipoambiwa kitu husubiri bila kikomo, wakati CXF hungoja sekunde 30 kuunganisha na 60 kupata jibu. Kwa Metro weka `Integer`, si `String` wala `Long`. Kuhakikisha, elekeza `ENDPOINT_ADDRESS_PROPERTY` kwenye mlango wa mtandao unaopokea muunganisho bila kujibu, kisha pima: muda wa kungoja jibu ulioweka ukipita na `SocketTimeoutException` isitokee, jina bado si sahihi.